Polisi hawatoshi, ama polisi wamewekwa pabaya? Historia ya mjadala unaorudi kila msimu

Uzi huu ni mrefu kidogo, kwa hivyo chukua chai. Hatutaji mwanasiasa wala chama. Tunachotaka ni ukija kusikia huu mjadala tena redioni au kwa mkutano wa hadhara, ujue umetoka wapi.

Mjadala wenyewe unaujua. Kukitokea shambulio, au wizi wa mifugo, au bajeti ikisomwa, mmoja anasema: "Polisi ni wachache, tuajiri elfu kumi." Mwingine anamjibu: "Si wachache. Nusu yao wanabeba mikoba ya wakubwa na kuandika barua ofisini. Toa hao, weka raia, utaona polisi wametosha." Halafu watu wanagawanyika kulingana na nani amesema, si nini kimesemwa.

Tuanze na ile namba ambayo kila mtu huitupa mezani: polisi mmoja kwa watu 450. Utaambiwa ni "kiwango cha Umoja wa Mataifa". Imesemwa bungeni, imeandikwa kwa magazeti, imo hata kwenye hotuba za wakubwa wa usalama. Shida ni kwamba Umoja wa Mataifa haujaweka kiwango kama hicho kwa nchi zote. Ni namba iliyorudiwa mpaka ikapata uzito wa sheria.

Na hata ukiikubali, ifanyie hesabu. Sensa ya 2019 ilipata Wakenya 47,564,296. Gawanya kwa 450, unapata karibu 105,700. Huduma ya Kitaifa ya Polisi, ukijumlisha polisi wa kawaida, AP na wapelelezi wa DCI, ina watu zaidi kidogo ya laki moja. Kwa hivyo wakati wa sensa hatukuwa mbali na hiyo namba. Watu wameongezeka tangu hapo, sawa, lakini pengo si lile ambalo hotuba hukufanya ufikirie.

Sasa jiulize: kama kwa karatasi tunakaribia, mbona ukipiga simu usiku unaambiwa "gari haina mafuta na niko peke yangu hapa"?

Hapo ndipo historia inaingia.

Polisi wa Kenya hawakuanzishwa kumlinda mwananchi wa kawaida. Mwishoni mwa karne ya 19 Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, ile IBEA, ilihitaji walinzi wa maghala na bidhaa zake pale Mombasa. Reli ilipoanza kupanda bara, ikahitaji walinzi pia. Wengi wa askari wa mwanzo walikuwa Wahindi, na sheria zilizowaongoza zilitoka India. Sheria ya Polisi ya 1906 ndiyo iliyowapa polisi msingi rasmi wa kisheria katika himaya ya wakati huo.

Kando yao kulikuwa na mkono wa pili. Sheria ya machifu na wazee wa vijiji ya 1902 iliwapa hao machifu watu wa kutekeleza amri. Mwaka 1929 hao watu wakapewa jina la polisi wa kikabila, na 1958 wakawa polisi wa utawala, yaani AP. Kazi yao ilikuwa kumsaidia chifu: kodi ya kibanda, kazi za lazima, kumleta mtu barazani atake asitake. Wazee wengine hadi leo huwaita askari kanga.

Weka hilo akilini, kwa sababu linaeleza mengi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na pesa kidogo na maafisa wachache wazungu. Askari alikuwa ndiye mfanyakazi wa bei nafuu anayetii bila kuuliza. Kwa hivyo kazi yoyote isiyo na mwenyewe alipewa yeye. Kukagua vipande. Kupeleka barua. Kushika funguo za stoo. Kumpikia bwana mkubwa. Kusimama langoni. Sare ikawa ndiyo sifa ya kufanya kila kitu.

Uhuru ulikuja 1963 na bendera ikabadilika. Zile kazi zilibaki pale pale.

Chukua mfano wa mahakama. Vijana wengi mtandaoni hawajui kwamba kwa miongo mingi aliyekuwa akiendesha mashtaka katika mahakama za mahakimu hakuwa wakili. Alikuwa polisi. Afisa alikamata, mwenzake akapeleleza, na mwingine wa kituo hicho hicho akasimama mbele ya hakimu kumshtaki mtuhumiwa. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai ilitaka angalau awe na cheo cha inspekta msaidizi. Lakini maafisa wa cheo hicho hawakutosha kila mahali, kwa hivyo koplo akasimama.

Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ikaulizwa kuhusu kesi moja ambayo mwendesha mashtaka alikuwa wa cheo cha chini kuliko kile cha sheria. Majaji wakasema kesi hiyo ni batili. Si dosari ndogo ya kurekebishwa. Ni kana kwamba haikufanyika.

Fikiria maana yake. Wafungwa walianza kukata rufaa kwa hoja hiyo hiyo, na baadhi ya waliokuwa wamehukumiwa kwa wizi wa mabavu hukumu zao zikaanguka. Mwathiriwa aliyetoa ushahidi miaka iliyopita akaambiwa kesi irudiwe, au imekwisha. Yote kwa sababu kazi ya kitaalamu ilipewa yeyote aliyekuwa na sare na nafasi siku hiyo.

Katiba ya 2010 ikaweka mashtaka chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, na sheria ya ofisi hiyo ikapita 2013. Mawakili raia wakachukua nafasi mahakamani na polisi waendesha mashtaka wakaondolewa hatua kwa hatua. Huo ndio uhamisho mkubwa zaidi wa kazi kutoka kwa polisi kwenda kwa raia ambao nchi hii imefanya, na hakuna mtu leo anayesema turudishe koplo kortini. Ofisi hiyo ina lawama zake, tena nyingi. Lakini lawama hizo zina mlango tofauti na ule wa kituo cha polisi, na hilo peke yake ni kitu.

Mfano wa pili ulienda vingine. Kabla ya NTSA kuundwa kwa sheria ya 2012, mtihani wa leseni ya kuendesha gari ulisimamiwa na polisi. Ukaguzi wa magari vilevile. Kazi hizo zikahamia NTSA, na maafisa wake raia wakaanza kuonekana hata barabarani na vile vifaa vya kupima mwendo. Halafu Desemba 2017 ajali zikafuatana. Usiku wa kuamkia mwaka mpya watu 36 walikufa pale Migaa, barabara ya Nakuru kwenda Eldoret. Siku chache baadaye, Januari 2018, agizo likatoka juu: NTSA waondoke barabarani, polisi washike usimamizi wote wa trafiki.

Je, raia walishindwa, ama walifanywa mbuzi wa kafara? Maoni yangu: barabara ilikuwa na wenyewe wawili, na kila mmoja alikuwa akimnyooshea mwenzake kidole. Ukihamisha kazi bila kuhamisha mamlaka yake yote, umeongeza mtu wa kulaumiwa tu. Watu wanaotaka raia ndani ya polisi wangesoma hiyo hadithi vizuri kabla ya kupiga makofi.

Turudi kwa idadi sasa.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, Tume ya Jaji Waki ilihesabu vifo 1,133. Kati ya hao, 405 walikufa kwa risasi. Ripoti hiyo ilieleza pia jinsi maafisa wa AP karibu 1,600 walivyotumwa maeneo fulani kabla ya kura, wengine wakitarajiwa kufanya kazi ya mawakala wa upande mmoja. Hebu simama hapo kidogo. Nchi iliyolia kwamba askari hawatoshi ilipata 1,600 wa kutuma kwa shughuli ya siasa. Siwezi kufikiria mfano bora wa tofauti kati ya uhaba na matumizi.

Waki alipendekeza AP na polisi wa kawaida waunganishwe. Jopokazi la Jaji Ransley likafuata 2009 na mapendekezo zaidi ya 200. Kutoka hapo tukapata sura mpya ya polisi kwenye Katiba, kifungu cha 243 hadi 247, halafu sheria tatu za 2011: ya Huduma ya Polisi, ya Tume ya Kitaifa ya Huduma kwa Polisi, na ya IPOA. Muungano kamili haukufanyika. Katiba yenyewe ilibakiza huduma mbili, chini ya Inspekta Jenerali mmoja.

Wengi hapa ndipo wanachanganya mambo, kwa sababu neno "raia" kwenye mjadala wa polisi linabeba mizigo mitatu. Kuna raia wa ofisini: karani, mhasibu, mtu wa ununuzi, mtaalamu wa maabara, mtu wa kompyuta. Kuna raia msimamizi, kama bodi ya IPOA na baadhi ya makamishna wa Tume. Halafu kuna raia mwenye bunduki.

Huyo wa tatu tunamsahau sana Nairobi. Nenda Turkana, Samburu, Marsabit au Baringo, utampata polisi wa akiba. Ni mwenyeji, anachunga mifugo yake mchana, na serikali imempa silaha kwa sababu kituo cha karibu kiko mbali sana na wezi hawangoji. Kwa miaka mingi alifanya hivyo bila mshahara. Sheria ya 2011 inamtambua. Mwaka 2019 wengi wao walinyang'anywa silaha, kwa madai kwamba nyingine zinatumika vibaya, na baadaye serikali ikarudi kuwaandikisha wengine. Kwa hivyo mtu akikuambia Kenya haijawahi kuwaamini raia na kazi ya polisi, mwambie imewaamini kwa bunduki, tena bila malipo. Ni kalamu ambayo inaogopa kuwapa.

Hofu hiyo ya kalamu si upuuzi mtupu, niseme ukweli. Wakubwa wa polisi wana hoja zao. Karani wa kituo huona majina ya watoa habari. Afisa aliyeumia kazini, au aliyezeeka, anahitaji meza ya kukaa. Ukijaza meza zote na raia, yeye unampeleka wapi? Na kuna hili la Katiba: kifungu cha 24(5) kinaruhusu sheria iwanyime polisi haki za vyama vya wafanyakazi na migomo. Raia wa ofisini hana kizuizi hicho. Siku makarani wakigoma, nani atafungua stoo ya silaha?

Halafu kuna hofu ambayo wakubwa hawasemi kwa sauti, lakini wananchi wanaisema: nafasi za raia zitagawanywa kama zile nyingine, jamaa wa mheshimiwa huyu, mtu wa mheshimiwa yule.

Sasa tupige hesabu ya kituo. Ni cha kufikirika, lakini wasomaji ambao ni maafisa, mko hapa najua, mtaniambia kama nimekosea sana. Kituo kina maafisa 30. Wanne wako likizo, wagonjwa au mafunzoni. Wamebaki 26. Wawili wako kortini, wawili ni madereva, wawili wanashughulika na karatasi za OCS, mmoja yuko stoo, mmoja jikoni. Wamebaki 18. Gawanya zamu tatu, unapata sita kwa zamu. Kati ya hao sita, wawili wako kaunta na OB, mmoja analinda seli, mmoja yuko langoni.

Wanaotembea mtaani ni wawili. Kutoka 30.

Toa wale wanne wa karatasi, stoo na jiko, uweke raia. Sasa zamu zinagawana 22, yaani karibu saba kila moja. Mtaani wanakuwa watatu. Si miujiza. Lakini doria imeongezeka kwa nusu na hujajenga nyumba moja ya polisi, hujanunua bunduki, hujapeleka mtu Kiganjo. Umeajiri watu wanne, ni kweli, na hao nao wanalipwa. Ndiyo maana mimi humwangalia kwa shaka mtu anayesema mpango huu hautagharimu chochote. Utagharimu, ila pungufu.

Na hapo sijamgusa askari anayemlinda mtu mashuhuri, maana yeye hata hayuko kwenye hesabu ya hicho kituo. Hiyo ni vita nyingine. Kila serikali huahidi kupunguza walinzi wa wakubwa, na wanaopokonywa kwanza huwa ni wale waliohama upande.

Mwaka 2018 lilikuja jaribio kubwa. Septemba ya mwaka huo ilitangazwa kwamba maafisa wa AP zaidi ya 24,000 wahamie polisi wa kawaida, wapokee amri moja na sare moja ya buluu. AP waliobaki wakapewa mipaka, miundombinu muhimu na wizi wa mifugo. Kwa siku moja, polisi wa kawaida "wakaongezeka" bila kuajiri hata mtu mmoja. Mwananchi aliona nini? Aliona sare mpya. Chifu naye akabaki bila askari ofisini, akalalamika, na miaka iliyofuata serikali ikaanza kumrudishia. 1902 bado inatembea.

Ukitaka kuona idadi ikigeuka siasa kabisa, rudi 2014. Julai mwaka huo waliajiriwa makurutu 10,000. IPOA ikaenda kortini ikisema shughuli ilijaa hongo na kasoro, na Mahakama Kuu ikafuta usajili wote Oktoba. Kisha tarehe 2 Aprili 2015 magaidi wakaingia Chuo Kikuu cha Garissa na kuua watu 148. Siku hiyo hiyo likatoka agizo kwamba wale 10,000 waripoti mafunzoni mara moja, kortini kukiwa bado na rufaa. Mwezi uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasema uamuzi wa kwanza ulikuwa sahihi.

Swali la Garissa lilikuwa kwa nini kikosi maalumu kilichukua saa nyingi kufika kutoka Nairobi huku wanafunzi wakiuawa vyumbani. Jibu lililotolewa lilikuwa makurutu ambao wangehitaji miezi mafunzoni. Uchungu ulikuwa wa kweli na hofu ilikuwa ya kweli. Hesabu ndiyo haikuhusiana.

Wenzetu wa Uingereza na Wales, ambao tuliwarithi mengi, wamepitia kosa la upande wa pili. Kuanzia 2010 walipunguza maafisa zaidi ya 20,000, na wafanyakazi raia nao wakakatwa. Mwaka 2019 wakaahidi kuajiri 20,000 na kufikia 2023 wakasema wamemaliza. Lakini lengo lilihesabu sare tu. Ikawa baadhi ya vikosi vinamweka afisa mpya kwenye dawati lililokuwa la raia, kwa sababu raia haingii kwenye hesabu ya kisiasa. Ahadi ya namba ilitimia, na dawati likapata mtu ghali zaidi.

Kwetu, ugomvi wa sasa umehamia kwa anayeshika kalamu ya ajira. Kifungu cha 246 kinasema Tume ndiyo huajiri, hupandisha vyeo na kuadhibu. Kifungu cha 245 kinampa Inspekta Jenerali amri huru. Mwaka 2025 mvutano wa nani ashike orodha ya mishahara, Tume yenye wasimamizi raia au makao makuu ya polisi, ulifika mpaka bungeni. Oktoba mwaka huo Mahakama ya Ajira ikaamua kwamba usajili wa makurutu ni kazi ya Inspekta Jenerali, si ya Tume.

Ukisikia hilo unaweza kudhani ni vita vya ofisi. Lakini orodha ya mishahara ndiyo kitu pekee kinachoweza kukuambia, kwa jina na kituo, nani yuko kaunta, nani yuko jikoni na nani analipwa bila kuonekana popote. Anayeishika ndiye anayejua kama polisi ni wachache. Sisi wengine tunabishana na namba ya 450.

Na kabla hujanyamazia uzi huu, kitu kimoja kuhusu zile ahadi za jukwaani. Kifungu cha 245(4) kinamruhusu waziri kumpa Inspekta Jenerali mwongozo wa sera. Kinakataza mtu yeyote kumwelekeza kuhusu kuajiri, kupanga, kupandisha cheo au kufuta afisa yeyote. Bunge linaweza kutenga pesa za makurutu, au za makarani. Kwa hivyo mtu akipanda jukwaani aseme "nitawaajiria polisi", muulize anamaanisha fungu gani la bajeti. Akisema "nitatoa polisi maofisini", muulize ameona orodha gani ya mishahara, na wale wanne wa stoo, jiko na karatasi watakaowekwa mahali pao watalipwa kutoka wapi.